Kulinda keria ya baiskeli kwenye gari, na baiskeli zilizo juu yake: mwongozo kamili

Baiskeli imefungwa kwenye keria kwa kufuli zito. Keria yenyewe imeshikwa na gari kwa pini moja isiyo na kufuli lolote. Mwizi haigusi baiskeli: anatoa klipu, anachomoa pini, anaivuta keria nje na kuipakia kwenye gari lake, baiskeli zikiwa juu yake na kufuli lako likiwa salama salimini.

Hili ndilo kosa linalorudiwa kuliko yote, na halitokani na ubahili. Wengi wanaoibiwa hivyo wana kufuli zuri. Wamelinda sehemu moja tu kati ya tatu. Sehemu hizo ni pale keria inaposhikana na gari, bolti zinazoiunganisha keria yenyewe, na fremu ya baiskeli kwa gari. Kama leo una muda wa kufanya jambo moja tu, ruka hadi hatua ya 4. Fremu iliyofungwa moja kwa moja kwenye gari haiondoki hata keria ikiachia.

## Vifaa vya kuandaa

Si lazima ununue vyote. Aina ya keria yako ndiyo itakayoamua.

- Pini ya kufuli, kama keria inaingia kwenye tundu la mraba nyuma ya gari. Tundu la mm 50 huchukua pini ya mm 16. Tundu la mm 32 huchukua pini ya mm 13.
- Vitovu vya kufuli (sehemu ya ndani inayoingia ufunguo) vya keria ya paa, vinavyofunguka kwa ufunguo mmoja. Hesabu matundu yote kabla ya kununua: keria ya baiskeli mbili inaweza kuhitaji sita au zaidi, manne ya miguu ya vyuma vya paa na mengine ya trei zinazobeba magurudumu.
- Mnyororo wa chuma kilichoimarishwa, pete zenye unene wa mm 10 au zaidi, wenye ala ya kitambaa au mpira.
- Kufuli la mnyororo huo, lenye shingo fupi isiyo nyembamba kuliko pete za mnyororo.
- Kufuli la U lenye chuma cha mm 13 au zaidi, kwa baiskeli ya thamani kubwa kuliko zingine.
- Kebo ya chuma ya mm 10 hadi 12, kwa magurudumu na viti tu.
- Nati mbili au tatu za usalama zinazofunguka kwa kichwa maalumu.
- Vigololi vya chuma vya mm 5, 6 na 8, na mshumaa mmoja.
- Rangi ya kucha ya rangi kali, brashi ndogo, na kilainishi kikavu cha grafiti au PTFE (Tefloni).
- Uzi wa mita 3 na futi ya kupimia.

Kuhusu ubora wa makufuli: Sold Secure ya Uingereza huyapima kwa kuyashambulia na kuyapa daraja la Bronze, Silver, Gold au Diamond. Ukiona alama hiyo, chagua Gold kwenda juu. Neno "imara" lililochapwa kwenye boksi na mtengenezaji mwenyewe halina uzito wowote.

## Hatua ya 1: Ikague keria kwa jicho la mwizi

Funga keria na baiskeli kama ulivyozoea. Kisha chukua kisu, spana ya kawaida, seti ya funguo za pembe sita na koleo, uzunguke gari polepole. Kwenye kila kiungo jiulize: hiki kinafunguka kwa mkono mtupu? Kwa kisu? Kwa spana iliyomo kwenye buti la gari lolote? Bandika kipande cha utepe kila unapojibu ndiyo.

Utashangaa jinsi utepe unavyokwisha. Pini ya klipu hufunguka kwa vidole. Mikanda ya mpira ya keria za kuning'iniza hukatwa kwa kisu. Kebo nyembamba inayokuja ndani ya keria, mara nyingi ya mm 6 hadi 8, hukatwa kwa koleo la kukatia lenye urefu wa kiganja. Na ile keria ya trei yenye mkono wa ndoano unaobana gurudumu la mbele ina udhaifu ambao wenye nayo wengi hawaujui: mwizi akitoa upepo kwenye tairi, ndoano inalegea na baiskeli inatoka, ingawa mkono wenyewe bado umefungwa kwa ufunguo.

Umefaulu ikiwa: una orodha ya viungo vyote dhaifu, na umeshajua kila kimoja kinashambuliwa kwa kifaa gani.

## Hatua ya 2: Ifunge keria kwa gari

### Keria ya tundu la mraba

Toa pini ya klipu na uweke pini ya kufuli. Kabla ya kununua, pima upana wa tundu kwa nje, kutoka ukingo hadi ukingo pale pini inapopita. Pini ndefu kupita kiasi huacha nafasi kati ya kufuli na chuma, na nafasi hiyo ndiyo anayoitaka mwenye msumeno au mkasi wa vyuma. Ikikaa vizuri, haichezi kushoto na kulia zaidi ya milimita chache.

Baadhi ya keria hazitumii pini laini bali bolti yenye nyuzi, inayovuta shina la keria, yaani chuma kinachoingia kwenye tundu, libane ukuta wa tundu ili lisitikisike. Usiweke pini laini badala yake. Keria itacheza barabarani, na mchezo huo hulegeza kila kiungo kingine. Tafuta bolti ya nyuzi zile zile yenye kufuli mwishoni, uikaze kwanza, ndipo ufunge kufuli.

Geuza upande wenye tundu la ufunguo uelekee kule ambako gurudumu halirushi matope, na usisahau kifuniko chake cha mpira.

### Keria ya tufe la kuvutia tela

Hapa keria hubana tufe la mm 50 kwa mkono wenye ufunguo. Mambo mawili husahaulika. Kwanza, magari mengi yana tufe ambalo shingo yake huchomoka. Kama shingo haijafungwa kwa ufunguo wake, keria itaondoka pamoja na tufe. Pili, uso wa kufuli la keria mara nyingi una namba ya ufunguo, na kwa namba hiyo mtu anaweza kuagiza ufunguo kama wako. Iandike mahali pa siri, kisha ifunike kwa rangi ya kucha au utepe mweusi.

### Keria ya paa

Fungua vifuniko vya miguu ya vyuma vya paa uangalie ndani. Kizibo cha plastiki kilichokaa mahali pa kufuli si kufuli. Keria nyingi huuzwa hivyo, na vitovu vinanunuliwa kando. Jaza matundu yote. Ukifunga miguu mitatu na kuacha mmoja, hujafunga.

Kama trei inateleza ndani ya mfereji wa chuma cha paa, hakikisha vizibo vya ncha za chuma haviwezi kutolewa bila ufunguo, na kwamba kipini cha kukazia trei kimefunikwa na kufuli. Vinginevyo trei italegezwa na kutelezeshwa hadi mwisho wa chuma, na baiskeli juu yake.

Keria za kushika uma wa mbele huhitaji tahadhari zaidi, kwa sababu gurudumu la mbele limeshatolewa na baiskeli imeshikwa kwenye nukta moja. Kufuli la mkono wake huzuia mkono usigeuke tu. Mnyororo wa hatua ya 4 ni wa lazima kwake.

### Keria ya mikanda ya buti, na ile ya vikombe vya kunyonya

Hizi hazifungiki, kwa maneno mafupi. Mkanda hukatwa kwa sekunde chache, na kikombe cha kunyonya huachia ukiingiza ukucha pembeni yake. Zitumie ukiwa safarini; ukiliacha gari, shusha baiskeli, ikunje keria uiweke ndani ya buti. Hiyo ndiyo nguvu yake: ni nyepesi kiasi cha kufichwa.

Umefaulu ikiwa: unaweza kuitikisa keria kwa mikono miwili kwa nguvu na gari likatikisika pamoja nayo, na hakuna mkono, pini wala kipini kinachogeuka bila ufunguo.

## Hatua ya 3: Zuia bolti zisifunguliwe

Pini ikishafungwa, mwizi mwenye spana hubadilisha mpango. Keria huja vipande vipande ndani ya boksi na kuunganishwa na mnunuzi mwenyewe, kwa hiyo inaweza kutenganishwa vile vile. Analegeza bolti mbili au tatu, analiacha shina ndani ya tundu likiwa na kufuli lake zuri, na kuondoka na sehemu yote ya juu.

Fuata njia hii:

1. Tafuta kundi la bolti linaloshikilia sehemu kubwa zaidi kwenye shina. Kwa kawaida ni bolti mbili hadi nne.
2. Kwenye bolti moja ya kundi hilo, badilisha nati pekee kwa nati ya usalama ya kipenyo na nyuzi zile zile. Moja inatosha kwenye kila kundi, maana sehemu haitoki bolti moja ikigoma.
3. Bolti zenye tundu la pembe sita, zibe kwa kigololi. Tundu la ufunguo wa mm 6 huchukua kigololi cha mm 6. Dondoshea nta ya mshumaa kidogo, gongea kigololi kwa nyundo ndogo hadi kizame, kisha juu yake weka nta tena.
4. Piga mstari wa rangi ya kucha unaoanzia kwenye nati, ukavuka bolti na kuishia kwenye chuma cha keria. Nati ikigeuka hata kidogo, mstari utakatika.

Ule mstari wa rangi una kazi mbili. Unakuonyesha kama mtu amejaribu kufungua, na unakuonyesha kama bolti inalegea yenyewe kwa mtikisiko. La pili ni la hatari zaidi kuliko wizi.

Onyo la kwanza. Usibadilishe bolti ya kubebea uzito kwa bolti ya usalama ya chuma kisichoshika kutu bila kulinganisha daraja. Bolti iliyoandikwa 8.8 kichwani ina nguvu zaidi ya ile ya A2-70, ambayo ndiyo ya kawaida kwa chuma kisichoshika kutu. Ndiyo maana hapa tunabadilisha nati na kuiacha bolti ya kiwandani mahali pake.

Onyo la pili. Usimwage gundi ya epoksi kwenye bolti unazotakiwa kuzikaza mara kwa mara. Nta hutoka kwa sindano na joto kidogo, na kigololi hutoka kwa sumaku. Kikibana, gonga pembeni mwa bolti huku sumaku ikivuta. Epoksi itakulazimu kutoboa.

Umefaulu ikiwa: kwa funguo za kawaida huwezi kuitenganisha keria na shina lake wewe mwenyewe, lakini kwa kichwa maalumu inakuchukua dakika mbili. Kichwa hicho kiweke nyumbani. Kukiacha kwenye kisanduku cha dashibodi ni kumwachia mwizi spana yake.

## Hatua ya 4: Funga fremu moja kwa moja kwenye gari

Hapa ndipo penye uzito wa mwongozo wote.

### Chagua nanga

Nanga ni sehemu ya gari isiyotoka bila kulibomoa gari. Zifuatazo hufaa:

- Pete za minyororo ya usalama, zile zilizochomelewa pande mbili za tundu la kuvutia tela. Pima uwazi wake kwanza: pete ya mnyororo wa mm 10 ikiwa na ala mara nyingi haipiti, na itabidi uvue ala mwishoni au uitumie shingo ya kufuli.
- Boriti ya chuma ya kuvutia tela yenyewe, kama kuna nafasi ya kupitisha mnyororo kati yake na bampa.
- Vyuma vya paa, ikiwa tu miguu yote minne imefungwa.
- Pete za kufungia mizigo ndani ya bodi ya pikapu, ikiwa bolti zake hazifikiki kwa nje. Ziangalie, nyingine zimeshikwa na bolti mbili zilizo wazi kabisa.

Zifuatazo hazifai, ingawa watu huzitumia: bomba la eksozi, ambalo huunguza ala na kukatika kirahisi, shokamzoba na mikono ya chini inayoshika magurudumu ya gari, kwa kuwa paipu za breki ziko jirani, na rimu ya gari. Rimu ni imara kweli, lakini siku utakayosahau na kuondoka utavunja rimu, baiskeli, na pengine breki kwa mpigo.

### Pima mnyororo kwa uzi

Pitisha uzi kutoka kwenye nanga, ndani ya pembetatu ya fremu ya kila baiskeli, na kurudi mpaka unapoanzia. Ongeza sentimita 15 hadi 20 tu. Mnyororo mrefu kupita kiasi hulala chini, na mnyororo uliolala chini unakatwa kwa urahisi zaidi, kwa sababu mwizi anaegemeza mkono mmoja wa mkasi ardhini na kuukandamiza mwingine kwa uzito wa mwili wake.

Kuhusu unene: mnyororo wa mm 8 hukatwa na mkasi wa vyuma wa mikono mirefu. Wa mm 10 ulioimarishwa unampa kazi. Wa mm 13 au 14 humshinda anayetegemea misuli peke yake, lakini ni mzito kiasi kwamba wengi huuacha nyumbani baada ya wiki ya pili, na mnyororo ulioachwa nyumbani haumzuii mtu. Kwa watu wengi, mm 10 ndio uamuzi wa busara. Mita moja yake ina uzito wa kilo mbili na kitu, hivyo ujumlishe kwenye kikomo cha uzito cha keria na cha gari kama utaubeba hapo nyuma.

Grenda ya betri hukata karibu kila kitu. Lakini hutoa kelele na cheche, na kila pete inahitaji kukatwa pande mbili. Ndiyo sababu mahali unapoegesha, hatua ya 6, pana uzito sawa na mnyororo wenyewe.

### Mpangilio wa kufunga

1. Anza na baiskeli iliyo mbali zaidi na gari. Pitisha mnyororo ndani ya pembetatu kuu ya fremu, si ndani ya gurudumu, si chini ya kiti.
2. Endelea kwenye baiskeli inayofuata, hivyo hivyo.
3. Pitisha kwenye nanga, vuta mnyororo ukaze, ufunge kufuli.
4. Liweke kufuli juu, mbali na ardhi na mbali na chuma chochote kinachoweza kutumika kama fuawe. Tundu la ufunguo litazame chini ili mvua isiingie.
5. Baiskeli ya thamani zaidi iongezee kufuli la U: fremu na gurudumu la nyuma, pamoja na boriti ya keria. Jaza nafasi ya ndani ya U kadiri uwezavyo, maana penye nafasi ndipo jeki au nondo inapoingia.

Kufunga gurudumu peke yake ni kosa la pili kwa wingi baada ya lile la pini. Gurudumu lenye ekseli ya mkono hutoka kwa kugeuza mkono huo, na utakuta limebaki peke yake, limefungwa vizuri.

Onyo kwa fremu za kaboni. Mnyororo ni wa wakati gari limesimama. Likitembea, mnyororo unaoning'inia hugonga fremu maelfu ya mara, na kaboni haisamehe. Weka mnyororo ndani ya buti ukiwa barabarani, na hata ukiegesha hakikisha ala inafika mpaka mwisho. Mpira wa ndani wa tairi la zamani, ukikatwa na kuvalishwa juu ya pete, ni ala nzuri.

Umefaulu ikiwa: unaweza kufikiria keria ikitoweka kabisa, na baiskeli zikabaki zimening'inia kwenye gari. Kama jibu lako ni "zingeanguka na kuchukuliwa", rudia mpangilio.

## Hatua ya 5: Magurudumu, kiti na betri

Badilisha ekseli za mkono kwa zile zinazofunguka kwa ufunguo wa pembe sita, au bora zaidi, kwa za kichwa maalumu. Gurudumu la mbele lililotolewa kwa ajili ya keria ya uma liweke ndani ya gari, lifunikwe. Kebo ya mm 10 hadi 12 ipite kwenye magurudumu yaliyobaki na reli za kiti, ncha zake zikiingia kwenye kufuli la mnyororo. Kebo si ya kulinda baiskeli. Kazi yake ni kumkatisha tamaa anayedokoa.

Baiskeli ya umeme: toa betri na skrini, viingie ndani. Betri ni ghali, ina soko, na ukiitoa keria inapata nafuu ya kilo mbili hadi nne. Taa, kompyuta ndogo na mifuko, vyote vitoke.

## Hatua ya 6: Egesha gari liwe sehemu ya kufuli

Keria ya tundu la mraba haitoki mpaka shina lote limevutwa nje, na hilo linahitaji nafasi ya takriban urefu wa shina lililo ndani. Pima lako, mara nyingi ni kati ya sentimita 20 na 30. Rudisha gari nyuma kuelekea ukuta, nguzo au ukingo wa zege mpaka nafasi iliyobaki nyuma ya baiskeli ya mwisho iwe ndogo kuliko hiyo. Hata pini ikikatwa, keria haina pa kwenda, na mwizi hana pa kusimama. Ni mbinu isiyogharimu chochote, na wachache mno huitumia.

Kama keria yako hukunjika juu, ikunje ikiwa haina baiskeli. Iliyoachwa wazi bila mzigo huvutia macho na kugonga magoti ya wapita njia.

Ukisimama kwa chakula, chagua meza unayoliona gari, na uegeshe penye mwanga na watu wanaopita. Sehemu ya kuanzia njia za baiskeli msituni au mlimani ni ya kuangaliwa zaidi: mwizi anajua wenye magari wameondoka kwa saa kadhaa, na hakuna atakayesikia grenda. Usiache baiskeli ya ziada pale.

Na usiku? Usiku baiskeli hulala ndani. Hakuna mpangilio wa makufuli katika mwongozo huu uliokusudiwa kuhimili saa nane za giza. Kama hoteli haina chumba cha kuziweka, uliza kama zinaweza kuingia chumbani kwako. Zikipanguswa magurudumu, wengi hukubali.

Jambo la mwisho la kuegesha, kwa wenye keria ya paa: kabla ya kuingia gereji au maegesho ya chini kwa ajili ya usalama, kumbuka urefu. Bandika kwenye dashibodi karatasi yenye urefu wa gari pamoja na baiskeli. Mihimili ya zege imeharibu baiskeli nyingi za paa bila mwizi yeyote kuhusika.

## Hatua ya 7: Namba, picha na kifuatiliaji

Namba ya fremu kwa kawaida imepigwa chini ya mhimili wa pedali. Pindua baiskeli uitazame. Nyingine huwa kwenye shingo ya mbele au bomba la fremu linaloshika kiti. Ipige picha, kisha piga baiskeli nzima kutoka upande wa mnyororo wa pedali, piga alama zake za kipekee, na risiti. Fanya hivyo kwa keria pia. Watu husahau kwamba nayo ina namba na bei. Sajili baiskeli kwenye sajili ya mtandaoni kama Bike Index, kwa sababu namba isiyo mahali popote haimsaidii polisi aliyeikamata baiskeli.

Kifuatiliaji kidogo kama AirTag kina faida na mipaka. Kifiche chini ya kiti au chini ya kishikio cha chupa. Kukizika ndani ya bomba la chuma hudhoofisha mawimbi. Kwa keria, mahali pazuri ni nyuma ya kizibo cha plastiki mwishoni mwa boriti. Jua pia kwamba AirTag imetengenezwa kumwarifu mtu ambaye inasafiri naye bila kujua, kwa hiyo mwizi anaweza kupata taarifa kwenye simu yake baada ya muda. Betri yake ya CR2032 hudumu karibu mwaka. Ibadilishe kabla haijaisha.

Bima: iulize kampuni yako kwa maandishi mambo matatu. Je, keria inahesabiwa kama sehemu ya gari? Je, baiskeli iliyo nje ya gari inalindwa, na saa zipi? Je, wanadai kufuli la daraja fulani? Jibu la simu halitakusaidia siku ya madai.

## Matunzo ya makufuli

Kufuli la nyuma ya gari hula vumbi, matope na chumvi. Mara moja kwa mwezi lifungue hata kama hulitumii, lioshe kwa maji safi, likauke, kisha pulizia grafiti au PTFE ndani. Usitie mafuta ya injini wala grisi. Hushika vumbi na kugeuka tope zito ndani ya vipini vidogo. Pini iliyokaa miezi sita bila kutolewa hushika kutu ndani ya tundu, na utajikuta wewe ndiye unayetafuta grenda.

Funguo za akiba zisikae ndani ya gari.

## Ukikuta kumefanyika jaribio

Usiwashe gari na kuondoka, hata kama kila kitu bado kipo. Mwizi aliyeshindwa huacha bolti zimelegea nusu, na keria inayochomoka kwenye mwendo wa kasi inaweza kumuua anayekufuata. Fuata mistari ya rangi ya kucha, nati moja baada ya nyingine. Angalia ekseli za baiskeli, mikanda, na pini kama imekatwa nusu. Piga picha za alama za msumeno au nyundo, toa taarifa polisi pamoja na namba za fremu, na kama kiungo chochote kimeharibika, baiskeli zisafiri ndani ya gari au zingoje hapo zikiwa na mtu.